Zakayo, Chai Inapoa

Melkiori tulimzika Kitanga, juzi tu hapa, na mpaka leo magoti yangu hayajanisamehe kwa kuyakalisha kwenye mkeka wa msiba. Asubuhi baada ya mazishi, pale pale msibani, mjukuu wangu Neema alikuwa ananisomea simu, maana miwani yangu niliikalia mwenyewe na hakuna wa kumlaumu. Kuna kundi kwenye simu la watu wa Kasulu wa zamani, wengi wetu tumebakiwa na meno machache na maneno mengi. Binti mmoja anayekaa Morogoro, jina lake halikunikumbusha mtu, alikuwa ametuma sauti humo na kuandika chini yake kwamba ameikuta kwenye kanda za marehemu baba yake, anadhani ni ya familia ya Mzee Melkiori. Basi, badala ya watu kusema pole, wakaanza kugombana. Mmoja akasema sauti ya mtu ni mali ya mtu, huwezi kuisambaza kama tangazo la mkutano. Mwingine akajibu kitu kikishaingia kwenye simu ni cha wote. Wa tatu akaleta sheria za mitandao, akasema siku hizi mwenye kundi anaweza kulala ndani kwa jambo alilotuma mwingine. Mwenye kundi kusikia hivyo akaandika kwamba ifikapo mchana anaifuta, yeye ana watoto wanasoma. Waliobishana sana ndio ambao hawakuifungua. Na mimi nami sikuifungua, ila sababu yangu ni ya heshima: bando liliisha. Nikamwambia Neema akimbie akatafute vocha. Alipoondoka nikaanza kuufikiria mwaka ule, nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, kijana ambaye vitu vyake vyote vimeshaondoka bila kuaga.

Habari za ukoo wangu niziache, hazina utamu. Mwaka ule nilikuwa kwa Mzee Shabani pale Kasulu mjini, dukani kwake. Shule niliachia darasa la sita, au yenyewe ndiyo iliniacha, hatukugombana. Ulikuwa ni mwaka ule watu walipokuwa wanahamishiwa vijijini. Unalala una jirani, unaamka una mgomba wake tu. Malori yalikuwa yanapita na mabati, vitanda, kuku wamefungwa miguu, na bibi mmoja juu ya mzigo ameshika mwiko kama usukani. Watu walizoea kuongea wakiangalia nyuma. Hata sisi wacheshi tulikuwa tunatania kwa sauti ndogo, na utani wa sauti ndogo, nakuambia, unachosha kuliko kulima.

Mzee Shabani alikuwa mtu wa Ujiji, na kabla ya hapo pwani, kama alivyokuwa anatukumbusha. Mbele aliuza sabuni ya mche, khanga, chumvi na mafuta ya taa. Nyuma kulikuwa na stoo ya maharage, na humo ndani ndimo biashara yenyewe ilimokuwa. Alikuwa na redio kaseti mbili. Tukipata kanda ya muziki wa dansi, imetoka ng'ambo ya ziwa au imetoka Dar es Salaam, tunaziweka redio mbili uso kwa uso kama wachumba, moja inaimba, nyingine inanasa. Waya wa kuziunganisha hatukuwa nao. Tunazifunika blanketi, tunazizungushia magunia ya maharage ili barabara isisikike, na mimi nakaa hapo kuhakikisha kimya. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu: kulipwa kwa kunyamaza. Mama alipopewa habari alicheka mpaka akakaa chini, akasema Kasulu wamempata mtu asiye sahihi. Kigoda kikiwekwa mlangoni maana yake tunanasa, mtu asiseme kitu. Wateja walijua, mkewe Bi Zuhura alijua, mbuzi walikuwa wanaelekea kujua. Aliyekuwa anasahau ni mwenye duka. Muziki uko katikati, gitaa linalia vizuri kabisa, mara kikohozi, halafu sauti yake nzito inaita kutoka barazani: "Zakayo, chai inapoa."

Kwa hiyo jina langu likasafiri. Kuanzia Kasulu mpaka Kibondo na mbele huko, kwenye vilabu vya pombe, kwenye harusi, wimbo ukifika mahali fulani wachezaji walikuwa wanasimama, wote kwa pamoja wanaita Zakayo chai inapoa, halafu wanaendelea kucheza. Nadhani mimi ni mtu wa pekee aliyetuhumiwa wizi huku mali yenyewe ikimtaja. Ikafika mahali mteja akija anauliza, hii ni ile yenye chai? Isiyo na chai walidhani ni ya kughushi. Halafu siku moja ikaja habari kwamba kuna mtu Kibondo anazinakili kanda zetu tulizonakili, chai na kila kitu, na anaziuza. Mzee Shabani alikasirika siku nzima. Aliwaita wezi, akasema watu hawana dini tena.

Aliyefurahi ni Mwalimu Gervas. Huyu alifundisha shule ya pale mlimani, mtu mwembamba wa miwani, na kila jioni akitoka darasani alipita kwenye benchi letu la barazani kubishana. Kwake yeye kunakili kanda ni wizi, hakuna jina lingine. Aliyetunga amekesha, wapigaji wamekula njaa, halafu wewe na blanketi lako unavuna. Mzee Shabani alimuuliza, ukiwashia koroboi yako kwenye koroboi yangu, yangu imezimika? Mwalimu akasema hapana, ila mafuta yangu nilinunua, na ukifungua duka la kuuza moto wangu nitakudai. Wanabishana hivyo mpaka Bi Zuhura analeta ugali wa muhogo na migebuka iliyoungwa kwa mawese, wote wananawa kwenye bakuli moja, na mwizi anamchagulia mwalimu kipande kikubwa cha samaki. Mimi nilikuwa upande wa yeyote aliyesema mwisho.

Halafu likaja tangazo. Katibu Tarafa alikuwa mgeni kwetu, ametoka mbali, mtu wa suti ya mikono mifupi ambaye baridi ya Kasulu ilikuwa inamtetemesha bila yeye kukubali. Likasomwa sokoni siku ya mnada: mashine zote za kunasa sauti ziandikishwe ofisini kwake, na kanda yoyote iliyonaswa isikilizwe kwanza na ofisi ndipo itoke. Hakuna aliyetuonyesha sheria inayosema hivyo, na hakuna aliyeuliza. Jioni ile kwenye benchi nilitegemea Mwalimu Gervas aje kushangilia. Alikaa, akavua miwani, akaifuta, akavaa, akaifuta tena. Mzee Shabani akamtania, haya, serikali imekusikia, furahi. Mwalimu akajibu taratibu, "Nilisema msiuze nyimbo za watu. Sikusema ofisi isikilize mtu anavyomsalimia mama yake." Halafu akaangalia nyuma. Wote tukaangalia nyuma. Kulikuwa na kuku tu, lakini naye tulimtazama vizuri.

Melkiori alikuja wiki ile ile. Yeye alikuwa amevuka kutoka Burundi kwa miguu, mwaka wa kuvuka watu wengi, akapata shamba Kitanga, akawa analima maharage na kuimba kanisani. Alikuwa anatuuzia maharage, na mimi nilimpenda kwa sababu alicheka utani wangu hata ambao haukuwa mzuri, nadhani ni kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa bado changa. Siku hiyo hakucheka. Alifunga mlango wa stoo, akatoa kanda kutoka kifuani, ndani ya shati, ya moto kama kiazi. Baba yake alibaki ng'ambo kwa sababu miguu ilikuwa imegoma. Mchuuzi mmoja wa kahawa mwenye njia zake alikwenda na redio kaseti, akamkalisha mzee mbele yake, akamwambia asalimie watoto wake. Melkiori alitaka tumnakilie mbili, za dada zake wawili walioko upande wa Kibondo. Barua wasingeweza kusoma. Na mzee, kwa alivyosikia, hakuwa wa kungoja mvua nyingine.

Melkiori hakuwa mwananchi wa kutikisika na kusimama tena. Kosa dogo tu, anapakiwa kwenye lori, na lori lile linaweza kwenda popote, hata kurudi alikokimbia. Nilimwona Mzee Shabani anaangalia mlango, anaangalia kanda, anaangalia mlango. Mwisho akasema, "Mwanangu, mimi nimenakili makelele ya walevi miaka yote. Nitaogopa kunakili baba wa mtu?" Akaweka kigoda mlangoni kwa mkono wake.

Sasa hapa lazima niseme kitu kwa wasomaji wasiotoka kwetu. Kwetu sisi Waha, na Warundi vile vile, mtu mzima akikusalimia huendelei kusimama kama mti wa simu. Unainama, magoti yanakunjika, na unapiga makofi polepole, mikono imepinda, huku unaitikia. Hufikirii. Mikono inakwenda yenyewe, kama jicho linavyofumba ukipulizwa. Basi tukaanza kunasa, mimi kwenye gunia langu, Melkiori amekaa chini. Mzee akaanza: "Mwaramutse, bana banje." Mmeamka salama, wanangu. Akapiga makofi yake matatu, makavu kama maganda ya maharage, akasubiri aitikiwe. Mchuuzi yule alikuwa ameacha nafasi, maana mzee hakukubali kuendelea bila kusubiri. Na Melkiori, pamoja na kwamba nilimwonya, pamoja na kwamba nilimkazia macho, akapiga magoti kwenye vumbi la stoo akaitikia kwa makofi. Mzee akamsalimia dada mkubwa kwa jina, makofi, kimya, Melkiori akamwitikia dada. Dada mdogo, vile vile. Wala sikumzuia tena. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekalia mikono yangu. Na palepale, mzee anaanza kubariki mashamba, kikohozi, na barazani: "Zakayo, chai inapoa." Nilitaka kufa. Melkiori akaniangalia, machozi yanamtoka, akacheka bila sauti mpaka mabega yakamtetemeka. Kurudia hatukuweza, mawe ya redio yalikuwa yanakaribia kuisha. Nakala ya kwanza ikawa na chai, na ya pili tuliichukua kutoka kwenye hiyo hiyo.

Kesho yake, kanda zikiwa bado zinasubiri basi la Kibondo, Mwalimu Gervas akaja mchana na mfuko wa kitenge unaomvuta bega kama amebeba jiwe la kusagia. Akasema anataka kusikiliza mali ya wizi ili abishane akiwa na ushahidi. Nikampa redio moja na nakala, akaingia stoo, akaweka kigoda mwenyewe, akakaa humo kitambo. Alitoka ana vumbi magotini. Nikamuuliza umepata ushahidi, mwalimu? Akasema, "Mnakohoa sana," akaenda zake.

Kondakta aliyebeba nakala zile alishushwa kwenye kizuizi njiani, akapekuliwa kwa ajili ya magendo ya kahawa, zikaonekana. Zilipofika mezani kwa Katibu na kuwekwa kwenye mashine, haikumchukua muda kujua zilikotoka. Jina la mhusika lilikuwa humo humo, linaitwa kunywa chai. Wakaja kutuchukua mimi na Mzee Shabani na redio zake mbili, wakaikuta na kanda yenyewe ya asili, ambayo Melkiori alituachia tumtunzie kwa sababu nyumba yake ilikuwa inavuja. Melkiori, ambaye kondakta alimtaja kuwa mwenye mzigo, walimkuta shambani, akaja na jembe begani kwa sababu hakuna aliyemwambia aliache.

Ofisi ile naikumbuka kuliko chumba nilichozaliwa. Meza yenye kitambaa cha kijani, dirisha lenye kioo kimoja kilichozibwa kwa karatasi ya gazeti, jiko la mkaa karibu na miguu ya Katibu. Mlangoni alisimama mgambo, kijana wa Kiha, jina lake Ntibakazi, kutoka kijiji cha jirani na kwetu, na alikuwa anajifanya hanijui, jambo ambalo lilinitia hofu kuliko rungu lake. Nje, kwenye veranda, mama mmoja alikuwa anafagia. Katibu hakuwa mtu wa kufoka. Alituuliza kwa adabu. Aliuliza makofi yale ni ishara gani. Hapa matatu, kisha kimya, kisha mengine yanajibu kutoka upande mwingine. Nani anampa nani taarifa? Melkiori akasema baba anamsalimia, naye anaitikia.

"Baba yako alikuwepo dukani?"

"Hapana."

"Sasa ulikuwa unamwitikia nani?"

Melkiori akaionyesha kanda kwa kidole. Katibu akageukia kwangu, akaniuliza chai ni nini. Nikamwambia ni chai, ndugu katibu, ya tangawizi. Akaandika. Nikaona kabisa namna lori linavyokuja: Melkiori juu ya mzigo, jembe mkononi, anarudishwa ng'ambo kwa sababu ya tangawizi.

Halafu Katibu akasema tusikilize wote, aone nani atashtuka wapi. Akabonyeza. Sauti ya mzee ikajaa chumba. Mwaramutse, bana banje. Melkiori akashuka chini, makofi. Mimi nilikuwa nimejiapiza kwamba hata mbingu ikidondoka nitasimama wima kama raia mwema, na nikajikuta niko magotini kwenye saruji, mikono inapiga. Nikasikia kitu kinagongwa ukutani: Ntibakazi ameegesha rungu lake. Alikuwa ameinama pale mlangoni, kofia ya mgambo mkononi kwanza, kisha kwapani, anapiga makofi polepole kwa heshima zote. Nje ufagio ulinyamaza, na dirishani, chini ya gazeti, nikaona kitambaa cha kichwa cha yule mama kinashuka. Mzee Shabani peke yake alibaki amesimama, naye alikuwa ameweka mkono kifuani. Katibu alituangalia mmoja mmoja. Akamuuliza mgambo wake, wewe vipi?

Ntibakazi hakuinuka. "Mzee anasalimia, ndugu katibu. Tutasimamaje?"

Kanda ikaendelea. Dada mkubwa, makofi, na sisi tunaitikia. Dada mdogo. Mashamba. Kikohozi. Zakayo, chai inapoa. Hakuna aliyecheka. Katibu alizima, akakaa akiangalia jiko lake la mkaa. Mwisho akamwambia Melkiori arudi Kitanga akalime, hana shauri naye. Halafu akasema tangazo ni tangazo, juu yake kuna watu, nao watauliza amefanya nini. Akachukua kanda zote tatu, moja baada ya nyingine, akaziweka kwenye mashine na kubonyeza kitufe cha kunasa, na tukakaa mle mle chumbani, mashine inanasa kimya juu ya sauti ya mzee, inaifuta. Sijawahi kukaa kimya vizuri kama siku ile. Mzee Shabani alikohoa mara moja, akajifunika mdomo kwa kofia yake. Redio hazikurudi.

Tulipofika daraja la miti Melkiori akaniuliza, "Zakayo, baada ya kumtaja dada mdogo, alisema nini?" Nikafikiri. Nilikuwa nimesikia kanda ile mara nyingi kuliko yeye. Nikamwambia alibariki mashamba. Akasema hapana, kabla ya hapo, kuna neno kabla ya hapo. Tulisimama pale darajani tukilitafuta, watu wanapita na mizigo, hatukulipata. Kilichokuwa kichwani mwangu ni chai tu. Mvua zilipoanza akapata habari kwamba baba yake amefariki. Miaka yote iliyofuata, tukikutana mnadani, yeye na mimi wenye mvi, aliniuliza, umelikumbuka? Nami nilimjibu kwa utani kwamba nalitafuta, limejificha na miwani yangu.

Mwalimu Gervas siku ya ofisi hakuonekana. Mzee Shabani alipokutana naye alimwambia usoni, maneno yako yote yale, siku ile ulikuwa wapi? Akavua miwani, akaifuta. Mwisho wa mwaka alihamishwa mbali, akaondoka bila kupita kwenye benchi. Nilimweka moyoni kama mwoga, na nimemtunza hapo kwa miaka mingi, safi kabisa, hana vumbi.

Neema alirudi na vocha. Nikamwomba anisomee tena jina la yule binti wa Morogoro, jina lote mpaka la baba. Akasoma: Gervas. Nikakumbuka ule mfuko wa kitenge uliomvuta bega, na vumbi la magotini. Shule yake ilikuwa na mashine ya kunasa sauti, kubwa, ya kubebwa kwa mikono miwili. Aliyetuita wezi kila jioni alikuwa amekaa kwenye maharage yetu ananakili, halafu akaogopa, akaificha, na woga ule akahama nao, akazeeka nao, akafa nao. Nikamwambia Neema afungue kabla mwenye kundi hajafuta, na aongeze sauti.

Wafiwa walikuwa wanakunywa chai. Simu ikakwaruza, kisha mzee akasema: mwaramutse, bana banje. Makofi matatu makavu. Kimya. Na baada ya kimya, karibu kabisa, makofi ya kijana, mazito, ya mtu wa jembe. Mtoto wa kwanza wa Melkiori, mzee naye sasa, akaweka kikombe chini, akauliza huyo anayeitikia ni nani. Nikamwambia, ni baba yako. Wazee wote tulikuwa tumeshateremka kwenye mkeka. Vijana walitutazama, mmoja akainua simu atupige picha, halafu akaishusha, akainama naye, makofi yake hayajui pa kuanzia. Dada mkubwa. Dada mdogo. Na hapo, kabla ya mashamba, lile neno. Mzee alisema, "Ndabumva." Nawasikia. Kila mara alikuwa amesubiri kuitikiwa, na mwisho akasema anawasikia.

Kisha mashamba, kikohozi, na kutoka barazani, kutoka kwenye duka ambalo sasa ni kituo cha mafuta, marehemu Mzee Shabani akaniita. Siku ile sikuweza kumjibu kwa sababu tulikuwa tunanasa. Neema alikuwa ananishika kwapa aninyanyue, magoti yamegoma. Nikasema kwa sauti, wote wakanisikia, nakuja, mzee, nakuja, ila usiniharakishe.